Lord Salisbury na Mpaka wa Ziwa Letu

Wako walimu wenzangu, nao si wachache katika pande hizi za Mwanza, Musoma na Bukoba, ambao wakitaka kuwaonyesha vijana mfano wa mtu mkubwa aliyekuwa pia Mkristo thabiti na baba mwema, huwatajia Lord Salisbury, Waziri Mkubwa wa Uingereza katika siku za Malkia Victoria. Husema: Mtazameni mtu huyu. Alizaliwa katika ukoo mkubwa, wala hakupenda makuu. Alitawala dola kubwa kuliko zote za wakati wake, wala hakuacha kusali pamoja na watu wa nyumba yake. Alikaa na mke mmoja mpaka kifo. Na katika watoto wake alitoka askofu, wakatoka mawaziri, akatoka na mpatanishi wa mataifa. Haya yote ni kweli, wala sina nia ya kuyakanusha. Lakini habari hiyo ikisimuliwa kando ya ziwa hili na kukomea hapo, mimi nasema kwamba si habari bali ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyo yetu.

Basi nianze na ile nusu yao, asije mtu akasema kwamba namsema mtu nisiyemjua.

Jina lake ni Robert Gascoyne-Cecil, naye alizaliwa tarehe 3 Februari 1830 katika jumba la Hatfield, kaskazini ya mji wa London. Ukoo wa Cecil uliinuka kwa William Cecil, mshauri mkuu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyekufa mwaka 1598. Mwanawe Robert akaishika kazi ya baba yake, akamtumikia Elizabeth na baada yake Mfalme James, akapewa cheo cha Earl wa Salisbury. Mfalme James alilitamani jumba lao jingine, wakabadilishana naye mwaka 1607, na ndivyo Hatfield ilivyokuwa yao. Hata leo ni yao. Hesabu basi, ndugu msomaji: zaidi ya miaka mia nne, nyumba moja, ardhi moja, jina moja, na kila mtoto aliyezaliwa ameandikwa kitabuni pamoja na mwaka wake na mama yake. Wazee wetu nao hutaja mababu zao kwa kichwa, kizazi baada ya kizazi, na huona fahari. Kwa hiyo fahari ya watu wa Hatfield tunaielewa vizuri sana. Lishike neno hili, maana nitalirudia.

Utoto wake haukuwa mtamu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Alipelekwa Eton, shule ya watoto wa mabwana, na huko wenzake walimwonea na kumpiga hata baba yake akamwondoa akiwa na umri wa miaka kumi na mitano. Alikuwa mgonjwa mara kwa mara, na mwaka 1851 akapelekwa safari ya bahari kwa ajili ya afya, akafika Rasi ya Tumaini Jema, kisha Australia na New Zealand. Aliporudi, mwaka 1853, aliingia katika Baraza la Raia kwa kiti cha Stamford, mji uliokuwa mkononi mwa jamaa yake wa ukoo huo huo wa Cecil. Wala hakuwako mtu aliyesimama kushindana naye.

Mwaka 1857 alimwoa Georgina Alderson, binti wa jaji. Baba yake alikataa, kwa kuwa msichana yule hakuwa na mali wala ukoo wa kulingana na wao. Kijana akamwoa hata hivyo, wakaishi maisha ya kiasi mjini London, naye akiongeza riziki ya nyumba kwa kuandika magazetini. Ndoa ile ilidumu miaka 42, mpaka kifo cha mkewe mwaka 1899. Watoto wanane walizaliwa, mmoja akafa angali mdogo. Kaka yake mkubwa alikufa mwaka 1865, baba yake mwaka 1868, na hivyo akarithi jumba, mashamba na cheo cha Marquess, akaingia katika Baraza la Mabwana. Akawa Waziri Mkubwa mara tatu, mwaka 1885, tena toka 1886 hata 1892, tena toka 1895 hata 1902. Yote pamoja karibu miaka kumi na minne.

Jambo moja la nyumba ile hunivutia kuliko ibada yao, nalo ni meza yao. Hatfield watoto hawakunyamazishwa. Waliketi na baba yao, Waziri Mkubwa, wakabishana naye juu ya dini na siasa kama watu wazima, naye akawajibu kwa adabu, hoja kwa hoja. Mtoto wa miaka kumi aliulizwa: Wewe waonaje? Wazazi wengi wangefaidika kwa kuiga jambo hilo, wa kwetu na wa kwao.

Tena nyumba ile ilipenda watu wake, pengine kupita kiasi. Mwaka 1900 serikali ya Lord Salisbury ilikuwa na wapwa zake wawili, Arthur na Gerald Balfour. Alikuwamo mkwewe, Lord Selborne, aliyepewa manowari zote kuzisimamia. Alikuwamo na mwanawe wa kwanza katika ofisi ya mambo ya nchi za kigeni. Waingereza wenyewe wakacheka, wakaiita serikali ile Hoteli ya Cecil. Mwaka 1902 mzee alipojiuzulu, aliyerithi kiti ni Arthur, mpwawe. Nasi tusicheke sana, maana nimeona kamati za vyama na za shule ambazo ukiita jina moja la baba huitikia wajumbe wanne.

Hiyo ndiyo nusu yao. Sasa na tuje kwetu.

Mwaka 1886, Lord Salisbury akiwa Waziri Mkubwa, Waingereza na Wadachi walipatana juu ya mstari utokao mdomo wa mto Umba pwani, unaopinda kuuzunguka Kilimanjaro, kisha kunyooka mpaka ukingo wa mashariki wa ziwa letu, mahali palipo digrii moja kusini ya ikweta. (Watu hupenda kusimulia ati Malkia Victoria alimpa mjukuu wake wa Udachi mlima ule kama zawadi ya sikukuu. Hayakuwa hivyo, ni hadithi tu, na afadhali tusiwafundishe watoto.) Miaka minne baadaye kazi ikamalizika. Kwa mkataba uliotiwa sahihi Berlin tarehe 1 Julai 1890, mstari ule ulivushwa ziwani, ukafuata digrii ile ile kutoka ukingo mmoja hata wa pili, ukaendelea magharibi mpaka nchi ya Kongo. Kaskazini ya Mwingereza, kusini ya Mdachi. Wakati ule Lord Salisbury alikuwa Waziri Mkubwa na Waziri wa Mambo ya Nchi za Kigeni pia, kwa hiyo shauri lile lilikuwa lake kuliko la mtu mwingine ye yote wa Uingereza. Alitaka Unguja iwe chini ya ulinzi wa Waingereza, na chanzo cha mto Nile kisiingie mkononi mwa Wadachi. Akavipata vyote viwili. Bei aliyolipa ni kisiwa kidogo cha Heligoland katika bahari ya kaskazini ya Ulaya.

Ewe mwalimu usomaye, hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo. Heligoland ilikuwa na watu kama elfu mbili, wavuvi na mabaharia. Malkia Victoria alipopewa habari alikasirika, akamwandikia waziri wake kwamba si haki kuwatoa watu wale kwa serikali nyingine pasipo kuwauliza. Kura hawakupigiwa, lakini fikira zao ziliwekwa ndani ya mkataba: aliyetaka kubaki raia wa Uingereza alipewa nafasi ya kuchagua mpaka mwanzo wa mwaka 1892, aliyekwisha kuzaliwa kisiwani hakulazimishwa kuingia katika jeshi la Mdachi, sheria na desturi zao zikahifadhiwa kadiri ilivyowezekana. Na kwa kuwa nchi ya Malkia ilikuwa ikitolewa, jambo lilipelekwa barazani London, likajadiliwa.

Sasa niambie: katika mkataba huo huo, karatasi hiyo hiyo, wino huo huo, ni kifungu gani kilichowauliza watu wa ziwa? Waganda, Wahaya, Wakerewe, Wasukuma, Wajaluo, Wakuria, hao wote hawakuwa elfu mbili. Hakuna aliyepewa nafasi ya kuchagua. Hakuna aliyeambiwa kwamba hatalazimishwa kuwa askari wa mtu. Wala Malkia, ambaye ziwa lenyewe lilipewa jina lake na Speke mwaka 1858, hakukasirika kwa ajili yao. Mtoto wa Hatfield aliulizwa maoni yake mezani. Mvuvi wa Heligoland alifikiriwa. Mtemi wa Usukuma hakupata hata tarishi.

Wala isisemwe kwamba bwana yule hakujua alitendalo. Alijua mno. Alipata kusema hadharani, kwa namna yake ya mzaha, kwamba wao wakubwa walikuwa wakichora mistari juu ya ramani za mahali ambapo mguu wa Mzungu haujakanyaga, wakigawiana milima na mito na maziwa, na kizuizi chao kilikuwa kidogo tu, kwamba hawakujua hasa milima na mito na maziwa hayo yako wapi. Waliohudhuria walicheka. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba maneno hayo yaonyesha unyenyekevu wake. Mimi nayaona vingine. Atendaye neno pasipo kujua huonywa. Bali yule ajuaye ya kuwa hajui, akatenda, kisha akalifanyia mzaha, huyo tumwiteje? Na alikuwa msomaji wa Biblia. Sote tunajua Torati yasemaje juu ya mtu asogezaye mpaka wa jirani yake, na habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu husomwa katika makanisa ya Uingereza kama katika ya kwetu.

Ziwa hili kabla ya mwaka ule halikuwa mpaka, lilikuwa njia. Stanley alipoishusha mashua yake majini huko Kageyi mwaka 1875 alifuata ukingo uliokwisha kujulikana na wenyeji. Mitumbwi ya Kabaka ilivuka kuja Usukuma na kurudi. Alexander Mackay wa C.M.S., alipotolewa Buganda mwaka 1887, alihamia Usambiro, kusini ya ziwa, akaendelea na kazi ile ile kwa watu wale wale kana kwamba amehama kitongoji tu. Alikufa huko Februari 1890, miezi mitano kabla ya mkataba. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa ikazikwa Namirembe; lakini safari hiyo ilikwisha kuwa safari ya kutoka nchi moja kwenda nchi nyingine. Kazi ya C.M.S. iliyokuwa Nassa ilijikuta iko upande wa Mdachi, na hatimaye mwaka 1909 ikakabidhiwa wamisionari wa A.I.M.

Huko mashariki mstari ule uliingia kati ya Wakuria ukawaweka koo moja pande mbili, na Wajaluo wa Shirati ukawatenga na ndugu zao wa kaskazini. Mtu wa ukoo ambao nasaba yake imehifadhiwa kwa miaka mia nne, pasipo kupotea jina hata moja, ndiye aliyepitisha rula katikati ya nasaba za watu wengine. Hilo ndilo neno nililosema nitalirudia, nalo ndilo shitaka langu lote. Kwamba hakutupenda silishitaki, maana hakutujua. Nalishitaki hili, kwamba alijua thamani ya ukoo kuliko watu wengi duniani, na ujuzi ule haukumfikisha popote nje ya ukuta wa Hatfield.

Vita vilipokuja mwaka 1914, mstari ukawa mahali pa risasi. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaipiga Bukoba. Julai 1916 wakaitwaa Mwanza. Waliobeba mizigo, huku na huku, walikuwa watu wetu, nao walikufa wengi kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa bunduki. Sitaki kufurahia msiba wa nyumba ya mtu, kwa hiyo nasema kwa heshima kwamba vita hivyo hivyo viliwaua wajukuu watano wa Lord Salisbury, na watatu kati yao walikuwa wana wa baba mmoja, Askofu William Cecil wa Exeter. Wazazi wale walilia kama waliavyo wazazi wote. Lakini majina ya vijana wale yanajulikana, na siku waliyoanguka, na mahali. Je, wapagazi? Tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Huko nako mtu hakuulizwa jina lake.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimekwisha kujibiwa. Wa kwanza husema: Asingalichora yeye, angalichora mwingine, na labda Mdachi angalilitwaa ziwa zima. Labda. Lakini hoja hiyo naijua, husemwa na kila mwizi wa ng'ombe anayeletwa barazani, kwamba kama asingaliwachukua yeye wangalichukuliwa na mwenziwe. Wazee hawajapata kumwachilia mtu kwa hoja hiyo.

Wa pili husema: Hata watemi wetu walikuwa na mipaka, nao walipigana. Ni kweli, wala siwasifu kwa vita vyao. Walakini mpaka wa mtemi ulikuwa kijito, au jabali, au mti, na walioujua ni wale waliokaa kando yake. Ukivunjwa, ulijua ni mlango wa nani utakaokwenda kuugonga. Mstari wa 1890 haukuwa na mlango. Na matunda yake tumeyaona kwa macho yetu, upande wa magharibi. Mto Kagera hushuka kusini ya mstari, ukapita Kyaka, kisha ukarudi kaskazini kuingia ziwani upande wa Uganda. Kwa hiyo kati ya mto na mstari imebaki nchi ya kilomita za mraba kama 1,800, iliyo Tanganyika kwa karatasi lakini ng'ambo ya maji. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia hapo, naye akatangaza ya kuwa mpaka wa haki ni mto. Watu waliuawa, wanawake wakatendwa mabaya, ng'ombe wakaswagwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Vita iliyofuata haikutulia hata majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala Aprili 1979. Dhambi ile ni ya Amin, wala simtwiki mtu wa Hatfield. Nasema tu kwamba aliyepigia rula nchi ambayo mito yake hakujua imepita wapi, aliacha mlango wazi kwa kila mwovu atakayekuja.

Wa tatu ndiye mwenye hoja ya nguvu. Husema: Mwalimu Nyerere mwenyewe, mzaliwa wa Butiama, mwendo mfupi kutoka ziwani, ndiye aliyewaomba wakubwa wa Afrika huko Cairo, Julai 1964, kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, wewe ni nani hata uilalamikie? Namjibu hivi. Mtu akirithi nyumba iliyojengwa ukuta mbovu katikati, na paa lote limeegemea ukuta huo, hataubomoa watoto wakiwa wamelala ndani. Atauacha, na atakuwa amefanya busara. Lakini kuuacha ukuta si kumsifu mjenzi wake. Nyerere alichagua amani ya watu waliokuwa hai. Hakuandika hati ya shukrani kwa Lord Salisbury.

Na wako wanaosema kwamba dhambi ya baba, kama ilikuwapo, ilitengenezwa na mwana. Hapa panahitaji uangalifu. Robert, mwana wa tatu, aliyeitwa baadaye Lord Cecil wa Chelwood, alikuwa mmoja wa watungaji wakubwa wa Mapatano ya Chama cha Mataifa mwaka 1919, akapewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 1937. Ni katika Mapatano hayo lilimowekwa neno la amana: kwamba nchi zilizotoka mikononi mwa Mdachi si mali ya mshindi, bali zishikwe kwa ajili ya wenyeji na hesabu itolewe kila mwaka. Tanganyika ilishikwa hivyo. Namheshimu mtu huyo kuliko baba yake, na ningependa vijana wetu wamjue. Hata hivyo, ona: tangu 1919 mpaka 1961 Mwingereza alitawala pande zote mbili za mstari, kusini na kaskazini. Ilikuwa rahisi kwa miaka arobaini kuwauliza Wakuria au watu wa Missenyi wangependa kukaa vipi. Sikusoma popote kwamba waliulizwa. Amana ilikuwa nzuri, ila mwenye amana hakuitwa wakati wa kuhesabu.

Kisha akaja mjukuu, Robert, Marquess wa tano. Huyo alikuwa Waziri wa Makoloni kwa miezi kadha wa kadha katika mwaka 1942, na kwa hiyo Mwanza yote ilikuwa chini ya kalamu yake. Machi 1961 alisimama katika Baraza la Mabwana akamshambulia Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa siku zile, kwa sababu aliharakisha mno, kwa maoni yake, kuwapa Waafrika madaraka. Alimwita mwerevu kupita kiasi. Mwezi huo huo Macleod alikuwa Dar es Salaam, katika jumba la Karimjee, akipatana na Nyerere juu ya uhuru wa Tanganyika. Kwa mara ya kwanza tangu 1890 mtu wa serikali ya Uingereza alikaa kitako na watu wa nchi hii, akawauliza mnataka nini na lini; na aliyelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote ni mjukuu wa yule aliyekuwa hakuuliza.

Ukoo wenyewe haukuzembea juu ya mlango wake. Mwaka 1998, serikali ya London ilipotaka kuwatoa mabwana wote waketio barazani kwa urithi, mtu wa ukoo wa Cecil, ambaye sasa ni Marquess wa saba, ndiye aliyefanya shauri la siri na Waziri Mkubwa Tony Blair; na kwa shauri hilo, sheria ya mwaka 1999 ilipowatoa mabwana wale, 92 walibakizwa. Kiongozi wa chama chake mwenyewe alimfukuza kazi kwa kufanya shauri pasipo kumwuliza. Nakiri kwamba niliposoma habari hiyo nilitabasamu.

Pale Mwanza majini pamesimama jiwe liitwalo jina la Bismarck, mtu mwingine wa mabwana wa Ulaya, aliyekuwa amekwisha kuondolewa kazini Machi 1890, kabla ya mkataba wa mstari kutiwa sahihi. Mji wa kusini uliopewa jina la Salisbury mwaka huo huo wa 1890 umeitwa Harare tangu 1982. Katika ziwa letu Lord Salisbury hakuachiwa jiwe wala ghuba. Kumbukumbu yake ni ule mstari, nao hauonekani mpaka mashua yako ikamatwe upande usio wako.

Kwa hiyo neno langu kwa walimu ni hili. Mfundisheni, msimwache. Fundisheni juu ya mama aliyekufa mapema, juu ya mapigo ya Eton, juu ya Georgina aliyeolewa bila ridhaa ya mkwe, juu ya meza ya Hatfield ambako mtoto alisikilizwa. Kisha itundikeni ramani ya ziwa ukutani, somo lile lile, saa ile ile, mwanafunzi aweke kidole Muhuru mashariki na kukivuta moja kwa moja mpaka Mutukula magharibi. Wala msingoje somo jingine la mwezi ujao, kwa kuwa kijana aliyesikia wema wa nyumbani leo na habari ya mpaka baada ya siku thelathini atadhani ni watu wawili. Na yule mwenzangu anayeona kwamba nimemwonea bwana huyo, nafasi ya kunijibu iko katika gazeti hili. Ninamwomba tu asinijibu kwa habari za sala zake na watoto wake, maana hizo nimekwisha kuzikubali. Na anitajie, kwa jina lake na la baba yake na la kijiji chake, mtu mmoja wa ukingo huu aliyeulizwa mwaka 1890.